Nyumba Yenye Akiba

Watoto, mnaijua habari ya Yosefu huko Misri. Farao aliota ndoto ya ng'ombe saba wanono na ng'ombe saba waliokonda. Yosefu alimweleza maana yake, kisha akampa shauri: katika miaka saba ya neema itwaliwe sehemu moja ya tano ya mavuno, iwekwe ghalani. Liangalieni vema shauri lile. Yosefu hakumwambia Farao akatafute nafaka njaa ikishaingia. Alimwambia aweke akiba wakati chakula ni kingi, wakati watu wengine wanacheka na kuuliza, "Ya nini taabu hii?"

Leo hatusemi habari za Misri. Tutasema habari za Kolwezi.

Je, chakula chetu chatoka wapi? Jioni mama anasonga bukari. Unga ameupima kwa meka sokoni, au baba amenunua mfuko mzima wa kilo 25. Mara nyingi mahindi yake yameota Zambia. Yamepita mpaka wa Kasumbalesa, yamepita Lubumbashi na Likasi, yamesafiri katika lori zaidi ya kilomita 300 mpaka kufika hapa. Maji yatoka katika bomba. Bomba hutegemea pampu, na pampu hutegemea umeme. Makala yatoka porini, na kila mwaka pori liko mbali zaidi. Basi sufuria moja ya bukari inategemea mpaka, barabara, lori, mafuta ya lori, pampu na waya. Kimoja kikikatika, sufuria inakaa tupu.

Mwaka 2024 tuliona jambo hilo. Ukame mkali ulikausha mahindi ya Zambia, na mwezi wa Februari rais wao alitangaza kwamba ni janga la taifa. Tena mwezi wa Agosti mwaka huohuo Zambia ilifunga mpaka wake na nchi yetu kwa siku chache, kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Malori yakasimama. Hakuna mtu wa Kolwezi aliyekosa jambo lolote katika ugomvi ule.

Mji wetu umezoea kulishwa. Ulianza katika miaka ya 1930 kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya shamba. Kampuni ya Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho. Mwaka 1967 migodi ilikuwa mali ya serikali, na kampuni mpya, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ikaendelea na desturi ile. Nyumba, shule, dawa, unga: vyote vilitoka katika mkono mmoja. Wazee wanakumbuka nyakati zile kwa furaha, nami siwalaumu. Lakini mtu aliyezoea kupokea unga kila mwezi husahau kushika jembe.

Kisha njia zikaanza kufungwa, moja baada ya nyingine. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela, iliyokuwa njia yetu ya kwenda baharini. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Mamia ya watu walikufa, weusi kwa weupe. Katika siku kama zile mama hawezi kwenda sokoni wala kisimani. Watoto wanakula kilichomo nyumbani tu. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 maduka ya miji mingi ya Zaire yaliporwa, na ya Kolwezi pia. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha hata tani 40,000. Mishahara ikakawia, na posho pia.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule miaka ile. Nyumbani kwetu tulipunguza chakula, lakini hatukulala njaa, kwa sababu nkambo wangu hakuacha kulima. Zamani majirani walimcheka walipomwona bibi kizee anatoka alfajiri na jembe begani, wakati mkwe wake anapata unga wa kampuni. Baadaye haohao walikuja mlangoni kwake kuomba vipande vya miti ya mihogo vya kupanda. Aliwapa. Hakuwakumbusha kicheko chao. Lakini sisi wajukuu tulikumbuka!

Basi tuanze na mihogo, maana ndiyo ghala ya maskini.

Mahindi yakikomaa, sharti uyavune na kuyatia mahali. Mihogo hukaa ardhini. Namna nyingi zaweza kuchimbwa kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi na mbili, na zaweza kungoja shambani mpaka mwaka wa pili. Mwizi hawezi kubeba shamba zima usiku mmoja, na moto hauchomi mizizi iliyo chini. Lakini mhogo ukishang'olewa, huanza kuoza baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo chimba unachoweza kukimenya na kukiloweka, usichimbe zaidi.

Mihogo ni ya namna mbili, mitamu na michungu. Ndani ya mihogo michungu mna sumu iitwayo sianidi. Sumu hiyo ni silaha ya mmea: panya na nguruwe wa mwitu hawaipendi. Watu wengi hupanda mihogo michungu kwa sababu hiyo, nao hufanya vema. Ila sumu lazima itoke kabla ya kula, nayo haitoki kwa haraka. Mizizi hulowekwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike kabisa na kuvunjika kwa vidole. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu maji ni baridi sana, nayo mihogo hukawia kulainika. Basi ongeza siku. Usihesabu siku tu, bali gusa kwa mkono. Baada ya kulainika hukamuliwa, hukaushwa juani, kisha hutwangwa.

Kwa nini nakaza neno hili? Sikilizeni. Mwaka 1938 daktari mmoja Mwitalia, jina lake Trolli, aliandika habari za ugonjwa aliouona katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto alala mzima, au aenda shambani mzima. Ghafula miguu yake yakakamaa, naye hatembei tena sawasawa maisha yake yote. Watu walidhani ni uchawi. Sivyo. Ugonjwa huo huwapata watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, kwa majuma mengi, bila maharagwe wala samaki. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji, ukame ulishika watu, na zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu namna hiyo. Wengi wao walikuwa watoto na mama zao.

Mnaona jinsi ilivyo? Watu wale walijua kusafisha mihogo tangu babu zao. Njaa ndiyo iliyowaharakisha. Walikosa subira ya siku tatu kwa sababu watoto walikuwa wanalia. Mwenye unga mkavu wa kutosha juma moja ndani ya nyumba aweza kungoja mihogo yake ilainike.

Kuna njia nyingine ya kusaidia. Unga wa mihogo huchanganywa na maji mpaka ulowane, kisha hutandazwa mwembamba juu ya mkeka. Ukae saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hutoka kama hewa. Kisha pika bukari siku hiyohiyo. Njia hiyo ilifundishwa kwa akina mama wa Popokabaka, huku Kongo, nayo ilisaidia sana. Pamoja na hayo, kula maharagwe, karanga, kapenta. Vyakula hivyo huupa mwili nguvu ya kuishinda sumu kidogo iliyosalia. Na sombe? Itwange vizuri, uichemshe sana. Msiwaharakishe mama na dada zenu jikoni.

Sasa mahindi. Punje nzima hukaa mwaka. Unga hauwezi kukaa muda huo. Basi akiba ni ya punje, na unga ni wa juma hili. Maadui wa ghala ni watatu: unyevu, wadudu na panya. Wa kwanza ndiye mkubwa, maana huleta ukungu, na ukungu huzaa sumu isiyoonekana wala kutoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Kenya upande wa mashariki, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya ukungu, na 125 wakafa. Mahindi yenye ukungu msiwape hata kuku, wala msiyafanye pombe. Yafukieni.

Utajuaje kama mahindi yamekauka? Wengine huuma punje kwa jino. Jino hudanganya. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje, tia na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache. Kama chumvi imeshika kioo, mahindi bado yana maji: yarudishe juani. Kama chumvi imeanguka yote chini, yako tayari.

Mimi mwenyewe niliwahi kuyaharibu mapipa mawili. Mvua ilikuwa inakaribia, nikaona uvivu wa kutikisa chupa, nikayafungia mahindi kama yalivyo. Tulipofungua mwezi wa pili, harufu ilitufukuza ghalani. Mabruda wenzangu walinyamaza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko maneno.

Mahindi makavu yatie katika pipa au bidoni yenye mfuniko unaobana. Ijaze mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Wadudu wanahitaji hewa kama sisi. Hewa ikiisha, hufa. Watu wazima wengine huweka mshumaa mfupi unaowaka juu ya punje ndani ya pipa la chuma, kisha hufunga. Mshumaa hula hewa mpaka unazimika wenyewe. Kazi hiyo si ya mtoto. Na hapa Kolwezi lazima niseme neno moja zaidi. Sokoni huuzwa mapipa na bidoni zilizobeba asidi au dawa za migodi. Kuziosha hakutoshi. Chombo usichojua kimebeba nini, usitie chakula wala maji.

Wadudu wengine ni wageni. Huko Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walimwona mdudu mpya anayesaga mahindi kuwa vumbi. Alikuwa ametoka Amerika ya Kati pamoja na shehena za nafaka. Wakulima wakamwita Scania, kwa jina la lori! Siku hizi dumuzi huyo ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Basi ukiona unga mweupe chini ya gunia, usingoje kesho.

Tuje kwenye bustani. Lengalenga, matembele, maboga, nyanya, vitunguu: mtoto wa shule aweza kulima tuta moja nyuma ya nyumba, akalimwagilia maji ya kuoshea vyombo wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa. Majani yakizidi, yachemshe kidogo, yaanike kivulini, na yakikauka yatie katika mfuko. Udongo wetu mwekundu ni hafifu. Tia samadi na majivu. Vichuguu vikubwa vya Katanga ni mali. Udongo wake una chokaa na rutuba kuliko ule wa kando, na wakulima wenye akili huuchukua na kuusambaza shambani.

Lakini si kila mahali panafaa. Karibu nasi, huko Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, yalilundikwa kwa miaka mingi mabaki ya kiwanda cha kusafisha madini, zaidi ya tani milioni 100. Tangu mwaka 2018 kampuni imeanza kuyachota na kuyasafisha upya, kwa sababu ndani yake mna shaba na kobalti bado. Kitu ambacho kampuni inakichimba hakifai kuwa shamba la mboga. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi wana kobalti nyingi mwilini, na watoto kuliko wakubwa. Mwaka 2018 walionyesha jambo hilohilo hapa Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo.

Mungu ametuwekea alama. Kuna mmea mdogo wenye maua ya rangi ya urujuani, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na watu wengi huuita ua la shaba. Hupenda udongo wenye shaba nyingi, ambapo miti haistawi. Wachimbaji waliutafuta wapate kujua palipo na madini. Wewe ukiuona, peleka jembe lako mahali pengine.

Jambo hilo latufikisha kwenye maji. Sikieni tofauti hii, maana hata watu wazima huikosea. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, lakini hakuondoi shaba wala kobalti wala asidi. Maji ya mto upitao chini ya kiwanda hata ukiyachemsha siku nzima hayawi mema. Tafuta kwanza chanzo kisafi: kisima kilicho mbali na choo na mbali na mgodi, au mvua ya bati. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa. Kinga ile inayofuata. Kisha ondoa vijidudu. Chemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu, au kama makala yamekwisha, jaza chupa za plastiki zisizo na rangi, ziweke juu ya bati saa sita za jua kali, au siku mbili kama kuna mawingu. Maji yawe maangavu, maana jua haliwezi kupenya tope.

Nyumba ya watu sita huhitaji lita 30 hivi kwa siku kwa kunywa na kupika. Bidoni tano za lita 20, zikiwa zimejaa kila jioni, zatosha siku tatu. Si kazi ngumu wakati bomba linatoka. Bomba likikauka ndipo tunapopanga foleni na kugombana.

Mtoto akiharisha nyumbani na zahanati haifikiki upesi, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari, visivyo na kilima juu, na nusu kijiko cha chumvi. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo, na mtafutie msaada. Usikosee kipimo cha chumvi. Kwa sababu hiyo chumvi na sukari vikae katika akiba pamoja na sabuni, viberiti na mshumaa. Hayo ni madogo, nayapita upesi. Kuhusu makala neno moja tu: loweka maharagwe usiku kucha na funika sufuria, nawe utaona gunia linakawia kuisha.

Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, aliwaagiza watawa wake wawe na maji, kinu na bustani ndani ya boma lao. Wabenedikto walipofika Katanga mwaka 1910, walikuja na desturi hiyo. Watawa wale hawakuweka boma ili wafunge mlango. Benedikto huyohuyo aliwaagiza kumpokea kila mgeni kama Kristo mwenyewe. Pasipo kitu ndani, mgeni atapokewa kwa nini? Angalieni pia tofauti kati ya akiba na ulanguzi. Anayeweka debe moja la mahindi kila mavuno hamwibii mtu. Anayenunua mifuko hamsini siku mpaka unapofungwa, ili awauzie wenzake kwa bei mara tatu, huyo anakula jasho la maskini.

Mwisho, mbegu. Akiba ya chakula huisha; mbegu huanza tena. Chagua magunzi makubwa kutoka katikati ya shamba, yatokayo katika mimea mizima, uyatundike juu ya moshi wa jiko. Mahindi chotara yaliyonunuliwa dukani hayazai sawasawa mara ya pili, basi kila nyumba iwe na tuta lake la mahindi ya kienyeji. Miti ya mihogo ikatwe kutoka mashina yasiyo na ugonjwa, yenye majani mazima yasiyojikunja wala madoa ya njano. Isimamishwe kivulini, ncha ya chini ikigusa udongo wenye unyevu. Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kata vipande vya sentimita 20 au 25, kila kimoja kiwe na macho matano hivi, uvipande. Na vikizidi, mpelekee jirani asiye navyo kabla hajaja kuomba.

MASWALI

1. Mihogo michungu hulowekwa siku ngapi? Kwa nini tuongeze siku wakati wa baridi?

2. Kuchemsha maji huondoa nini, na hakuondoi nini?

3. Eleza namna ya kupima ukavu wa mahindi kwa chumvi. Fanyeni jaribio hilo darasani.

4. Mtu mmoja hula gramu 400 za unga kwa siku. Watu sita watakula kilo ngapi kwa siku 30? Ni mifuko mingapi ya kilo 25?

5. Waulize wazee wa kwenu walikula nini mwaka 1991, na chakula kile kilitoka wapi. Andika majibu yao katika daftari.